Je, Wajua? Bata Mzinga wa Friza na Hesabu ya Alhamisi

Je, wajua kwamba Alhamisi ya nne ya Novemba, Siku ya Shukrani, Wamarekani hula bata mzinga wapatao milioni 46? Makadirio hayo ni ya National Turkey Federation, chama cha wafugaji wenyewe, ambao bila shaka hawana haja ya kuipunguza idadi. Rais Lincoln aliitangaza sikukuu hiyo mwaka 1863, na sheria ya mwaka 1941 ikaifunga kwenye Alhamisi ya nne. Kwa mpishi, neno kubwa katika habari hiyo yote ni Alhamisi, maana bata aliyeganda hupikwa kwa kuhesabu siku kinyumenyume.

Je, wajua hesabu yenyewe? Wizara ya Kilimo ya Marekani inasema: kwa kila ratili 4 hadi 5 za ndege, tenga saa 24 ndani ya friji. Bata wa ratili 12 hadi 16 (kilo 5 na nusu hadi 7 na kidogo) anataka siku 3 hadi 4. Wa ratili 20 hadi 24, lile dume la kulisha ukoo mzima, anataka siku 5 hadi 6. Maana yake huyo mkubwa atoke kwenye friza Ijumaa au Jumamosi ya wiki iliyotangulia. Anayemkumbuka Jumanne ameshachelewa, ingawa hajapotea, tutamfikia.

Je, wajua kwamba Waingereza na Wakanada wanakaribiana sana na hesabu hiyo? Uingereza, ambako bata mzinga ni wa Krismasi, mamlaka ya usalama wa chakula inashauri saa 10 hadi 12 za friji kwa kila kilo. Kanada wanasema saa 10 kwa kilo, na wao Siku yao ya Shukrani ni Jumatatu ya pili ya Oktoba. Ukimpeleka bata wa kilo 7 katika nchi yoyote kati ya hizo tatu, utaambiwa siku 3 hivi, au 4.

Je, wajua kwamba sifuri ya friza ya Marekani si sifuri yetu? Wamarekani hupima kwa Farenihaiti, na sifuri yao ni nyuzi 18 chini ya sifuri ya Selsiasi. Friza inatakiwa isome 0, na friji isizidi 40, ambayo ni kama nyuzi 4 za Selsiasi. Mgeni aliyetoka Mwanza au Bujumbura akiona 40 kwenye friji, anaweza kudhani imeharibika. Kumbe iko sawa kabisa.

Je, wajua kwamba nyama huchukua muda mrefu kuyeyuka kuliko kuganda, hata kama tofauti ya joto ni ileile? Hapa ndipo penye siri ya jambo zima, basi tukae kidogo. Barafu hupitisha joto kama mara 4 zaidi ya maji yaliyotulia. Ndege anapoganda, ngozi yake hugeuka barafu kwanza, na barafu hiyo hulipitisha upesi joto la ndani linalotoka nje. Anapoyeyuka mambo hugeuka: tabaka la nje huwa nyama yenye majimaji, na tabaka hilo huzuia joto lisifike kwenye kiini. Kadiri anavyozidi kuyeyuka, ndivyo kizuizi kinavyozidi kuwa kinene.

Tena kuna deni la barafu yenyewe. Kuyeyusha kilo 1 ya barafu, bila kuipandisha joto hata uzi mmoja, hutumia nguvu ya joto sawa na kuyatoa maji kilo 1 kwenye sifuri hadi nyuzi 80. Nyama ya bata mzinga ni maji kwa takriban asilimia 70. Ndiyo sababu ukimchoma ndege kipimajoto Jumatatu, kitasoma karibu na sifuri, na Jumanne kitasoma karibu na sifuri vilevile, ukadhani friji imegoma. Kazi inaendelea; ni deni linalipwa.

Je, wajua basi kwa nini wataalamu hukataa katakata kumwacha juu ya meza ya jikoni? Kwa sababu meza haimyeyushi sawasawa. Ngozi na nyama ya juu hufika joto la chumba wakati kifua ndani bado ni barafu tupu. Bakteria wa chakula hustawi kati ya nyuzi 4 na 60, na wakipata mazingira mazuri baadhi yao huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu: mmoja akiongezeka kwa mwendo huo, baada ya saa 8 wamekuwa zaidi ya milioni 16. Saa 8 ni usiku mmoja tu, na bata mkubwa juu ya meza hamalizi kuyeyuka kwa usiku mmoja.

Je, wajua kwamba kikomo ni saa 2? Nyama mbichi isikae nje ya friji zaidi ya hapo. Na hewa ikizidi nyuzi 32, kikomo ni saa 1. Jiko la Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Desemba halijambo kufika hapo, na la Maskati wakati wa kiangazi hupita mbali. Ile desturi ya kumtoa kuku wa friza asubuhi, kumweka kwenye sinki na kwenda kazini, inaguswa na kanuni hiyohiyo. Kuku ni mdogo, ndiyo, kwa hiyo huyeyuka mapema, kisha hubaki na saa nyingi za kukaa vuguvugu.

Je, wajua kwamba friza haiui bakteria? Huwalaza tu. Salmonela aliyeganda Julai huamka Novemba akiwa na njaa. Kati ya mwaka 2017 na 2019 aina moja ya salmonela iliyohusishwa na nyama mbichi ya bata mzinga iliwafanya watu 358 waugue katika majimbo 42 ya Marekani. Hao ni wale tu waliothibitishwa maabara.

“Moto utawamaliza.” Umewahi kulisikia hilo? Ni kweli kwa bakteria wenyewe. Lakini yuko mmoja, stafilokoka, anayeishi kwenye ngozi na puani mwa watu wazima wenye afya zao, ambaye akipata nafasi ya kuzaliana kwenye chakula huacha sumu isiyovunjwa na moto wa kupikia. Utamuua yeye, sumu yake utaila.

Je, wajua kwamba ndani ya friji ndege huwekwa rafu ya chini kabisa, ndani ya sinia lenye ukingo, akiwa bado kwenye mfuko wake? Yale majimaji mekundu yanayotoka ni maji yaliyochanganyika na protini iitwayo mayoglobini. Damu ilishatolewa machinjioni. Ila ndege akiwekwa juu, yakadondokea kachumbari iliyoko rafu ya chini yake, hakuna moto utakaoisaidia kachumbari. Nafasi ndiyo taabu: bata wa kilo 10 hula rafu nzima, na soda zitabidi zihamie kwingine. Soda hazidhuriki.

Je, wajua kwamba akishayeyuka ndani ya friji, anaweza kukaa humo siku 1 au 2 zaidi kabla ya kupikwa? Kwa hiyo anayesitasita kati ya Ijumaa na Jumamosi achague Ijumaa. Kumuwahi bata hakuna hasara. Na wageni wakiahirisha safari, ndege aliyeyeyuka kwenye friji unaweza kumrudisha friza akiwa mbichi. Atapungua utamu kwa sababu kila kuganda hupasua chembe za nyama na kumwaga majimaji, lakini ni salama. Wengi wameambiwa tangu utotoni kwamba nyama haigandishwi mara ya pili. Huambiwi ilikuwa imeyeyushwa wapi, na hapo ndipo penye tofauti: iliyoyeyushwa kwa maji au maikrowevu lazima ipikwe kwanza.

Je, wajua njia ya Jumatano? Maji baridi ya bomba. Mtie ndege kwenye mfuko usiovuja, mzamishe wote kwenye sinki au ndoo kubwa, na ubadilishe maji kila baada ya dakika 30. Hesabu ni dakika 30 kwa kila ratili: wa ratili 12 saa 6, wa ratili 16 saa 8, wa ratili 24 saa 12. Huyo wa saa 8 ni kubadilisha maji mara 16 au pungufu kidogo, kwa hiyo tafuta kijana wa nyumbani mwenye simu inayolia kwa saa na umpe kazi. Ukimaliza, ndege aende motoni papo hapo. Harudi friji kusubiri kesho.

Lakini je, maji ya baridi yanawezaje kushinda hewa ya jikoni yenye joto zaidi? Maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa. Yanaigusa kila pembe ya ndege na kumpa joto lake bila kukoma, huku yenyewe yakiwa baridi kiasi cha kutowapa bakteria sherehe. Maji ya moto ni habari nyingine: yanaipika ngozi nusunusu na kuitia kwenye joto lile bakteria wanalolipenda, na kiini bado barafu. Mfuko usiovuja nao una sababu mbili. Unazuia maji ya sinki yasiingie kwenye nyama, na unazuia nyama isinywe maji ikawa chapwa.

Je, wajua kuna watu hujaribu mashine ya kuoshea vyombo, kikausha nywele, buti la gari, na beseni la kuogea? Wizara ya Kilimo imelazimika kuandika orodha ya mahali pa kutoyeyushia bata, na gereji na baraza zimo. Hata kukiwa na theluji nje, joto la baraza hupanda jua likitoka na kushuka likizama, na paka wa jirani hajui kwamba ni sikukuu ya wenzake.

Je, wajua kwamba kampuni ya Butterball ilifungua laini ya simu ya maswali ya bata mzinga mwaka 1981? Wataalamu 6 wa upishi walijibu simu kama 11,000 katika msimu huo wa kwanza. Wizara ya Kilimo ikafuata na laini yake ya nyama na kuku mwaka 1985. Laini zote mbili zingalipo, na suala la kuyeyusha halijawahi kuwaishia wapigaji.

Je, wajua kwamba wengi hawamnunui huyu ndege? Waajiri, makanisa na mashirika ya misaada hugawa bata walioganda siku chache kabla ya sikukuu. Familia iliyotoka Goma au Kigoma, iliyozoea kuku kuchinjwa asubuhi na kuliwa mchana, hujikuta Jumanne jioni na furushi la barafu la kilo 7 na karatasi ya maelekezo ya Kiingereza. Jibu ni kuchanganya njia: friji mpaka Jumatano usiku au Alhamisi alfajiri, kisha maji baridi kwa kilichobaki. Au, kama karibu yenu kuna bucha lenye msumeno wa umeme, ulizeni kama watakubali kumkata akiwa vilevile ameganda. Vipande huyeyuka kwenye friji kwa siku 1 au 2, na kwa nyumba inayopika pilau au mchuzi wa nazi, bata mzima hana ulazima wowote. Binafsi naona mapaja yake kwenye mchuzi mzito ni matamu kuliko kile kidari cheupe wanachokisifia, lakini hilo si la usalama.

Je, wajua njia ya Alhamisi asubuhi? Kumchoma hivyohivyo alivyoganda. Watu hawaamini, ila Wizara ya Kilimo yenyewe inairuhusu. Oveni isipungue nyuzi 163, na muda uongezwe angalau nusu: bata wa ratili 16 asiyejazwa kitu, ambaye angeiva kwa saa 4 hivi, sasa atataka kama saa 6. Sababu ya usalama wake ni kwamba oveni ina joto kubwa, ngozi inalipita haraka lile eneo la nyuzi 4 hadi 60 badala ya kuzubaa humo. Utakula jioni badala ya mchana. Viungo navyo havishiki kwenye barafu; vipakwe baada ya saa kadhaa ngozi ikishalainika.

Kwa bata huyo wa dharura, kuna kifurushi tumboni au shingoni, chenye shingo, ini, moyo na firigisi. Huwezi kukitoa kikiwa kimeganda, kwa hiyo kitoe katikati ya mapishi kwa koleo mara tu kikilegea. Kikiwa cha karatasi, hakuna neno. Kikiwa cha plastiki na moto umeiyeyusha au kuibadilisha umbo, wataalamu wanasema usile firigisi wala bata.

Je, wajua kwamba kuna bata mzinga asiyepaswa kuyeyushwa kamwe? Ni yule anayeuzwa akiwa ameshajazwa mkate na viungo tumboni kiwandani, kisha akagandishwa. Huyo hutoka friza kwenda oveni moja kwa moja, kwa maelekezo ya kwenye mfuko wake.

Na yupo ambaye kuganda kwake ni hatari ya kuunguza nyumba. Baadhi ya Wamarekani, hasa wa kusini, humkaanga bata mzima kwenye sufuria kubwa ya mafuta uani. Maji yakigeuka mvuke hutanuka kama mara 1,700. Kipande cha barafu kilichojificha tumboni, kikizamishwa kwenye mafuta ya nyuzi 175, hugeuka mvuke papo hapo, mafuta yanafurika ukingoni, yanaufikia moto wa gesi chini. Siku ya Shukrani ndiyo inayoongoza kwa mioto ya jikoni majumbani Marekani katika mwaka mzima; bata wa mafuta si chanzo pekee, ila ana picha za kutisha kuliko vyanzo vingine. Asiyeyeyuka hadi ndani na kukaushwa asisogezwe karibu na mafuta.

Je, wajua namna ya kujua kama ameyeyuka kweli? Mfuko kulainika hakutoshi. Ingiza mkono tumboni ulipapase lile pango: vikigusa vidole vyako vipande vya barafu, bado. Kunja paja kwenye kiungo chake. Likikataa kukunjika, bado. Barafu kidogo tu tumboni Alhamisi asubuhi si msiba, maji baridi ya bomba yataimaliza.

Je, wajua kwamba hatakiwi kuoshwa? Hapa najua nitapata barua. Mama zetu wametulea kwa kuosha kuku kwa ndimu au siki, na jiko la pwani bila hilo halijakamilika. Lakini maji ya bomba yakipiga ngozi hurusha matone yenye bakteria kwenye bomba, kwenye sahani, kwenye kitambaa, na bakteria wanaobaki kwenye nyama wangekufa tu motoni. Mfute kwa karatasi za jikoni, zitupe, nawa mikono kwa sabuni, kisha ndimu yako uikamulie kwenye viungo vya kumpaka. Ladha itakuwapo yote. Anayeshindwa kabisa kuacha, basi aoshe taratibu kwenye sinki tupu na kulisugua sinki kwa dawa mara moja baadaye.

Je, wajua kwamba neno “freshi” kwenye lebo ya Marekani linaruhusu nyuzi 3 chini ya sifuri? Nyama ina chumvi na protini, haigandi kwa sifuri kamili kama maji matupu, kwa hiyo sheria inahesabu kuwa freshi ndege ambaye hajawahi kushuka chini ya hapo. Unaweza kumnunua “freshi” na kukuta chembe za barafu kifuani. Hujaibiwa. Mpe nusu siku ya ziada.

Je, wajua nani alitufikisha hapa? Clarence Birdseye, Mmarekani aliyeishi Labrador kuanzia mwaka 1912, aliwaona Wainuiti wakivua samaki katika baridi kali na samaki kuganda mara moja, kisha wakiyeyushwa miezi baadaye nyama ikiwa bado nzuri. Kuganda haraka hufanya punje ndogo za barafu; kuganda polepole hufanya kubwa zenye kupasua nyama. Mwaka 1930 vyakula vyake vya kugandishwa viliingia madukani Springfield, Massachusetts.

Je, wajua kile kidude cha plastiki kinachoruka kifuani ndege akiiva? Ndani yake kuna kitu laini kinachoyeyuka kwenye nyuzi 82 hivi na kuiachia springi. Kinapima nukta moja tu, tena ya kifuani. Bata aliyeyeyuka vibaya anaweza kuwa ameiva hapo na kuwa mbichi ndani ya paja. Kipimajoto cha kuchoma ni cha bei nafuu: nyuzi 74 kwenye kidari kinene, ndani ya paja, na ndani ya bawa, kote kutatu bila kugusa mfupa. Tumboni kukiwa na vyakula vilivyojazwa, navyo vifike 74.

Je, wajua kwamba hatari nyingine huanza watu wakishashiba? Kuna bakteria aitwaye perfringensi ambaye mbegu zake huvumilia kupikwa, kisha huamka nyama inapopoa polepole. Milipuko yake Marekani huwa mingi Novemba na Desemba, na bata mzinga ni mmoja wa wanaotajwa. Usiingize mzoga mzima kwenye friji ukiwa na joto lake. Itoe nyama mfupani ndani ya saa 2, itandaze kwenye vyombo vya kina kifupi, ifunike.

Ikiwekwa hivyo hudumu siku 3 hadi 4, yaani wali wa Jumatatu jioni bado unaweza kuwa na nyama ya Alhamisi. Inayobaki baada ya hapo iwe imeshaingia friza mapema, na ile mifupa iliyochemshwa supu ihesabiwe siku zilezile.